Mbaruti Katikati ya Kanga

Kifuniko cha bati la biskuti kilinifikia Guangzhou, China, kwa mkono wa mfanyabiashara mwenzetu aliyetoka Unguja, kimeviringishwa ndani ya taulo. Kilitoka kwa mama wa kijana aliyemposa binti yangu. Yule mama alisomea unesi Uingereza enzi za ujana wake, akarudi na bati lile, na sasa alitaka kanga za sare za harusi, doti mia mbili, zichapwe kama kifuniko kilivyo. Maandishi yawe majina ya maharusi tu. Basi, hakuongeza neno.

Nilikikagua kifuniko hadi macho yakaniuma. Ukingoni yalizunguka maua ya watu wa kule: waridi la Waingereza, mbaruti wa Waskoti wenye kichwa cha zambarau, jani la pande tatu la Waayalandi, na ua la njano la watu wa Welisi lililofunguka kama tarumbeta. Katikati, simba na farasi mwenye pembe moja wameshikilia ngao.

Maua hayakunisumbua. Wanyama ndio walioninyima raha. Wanawake wa pande zote mbili wangevaa kanga zile, na adhuhuri ikiingia wangejitanda hizo hizo wakasali. Nani anasali na simba mgongoni? Na yule mama ni mtu wa dini hasa, hakosi darsa. Nikiwaweka, atasema binti yangu katoka nyumba isiyojua sala. Nikiwaondoa, atasema hatusikii tunaloambiwa. Siku ya posa aliwahi kusema kwamba sisi wafanyabiashara ni watu wa haraka haraka, na neno lile lilinikaa kooni.

Ningeweza kumpigia simu nikamuuliza. Vibanda vya simu vilijaa mtaa wa Dengfeng, hatua chache kutoka nilipopanga. Lakini niliona nikiuliza atajua kwamba sijui, na mimi sikutaka ajue. Nikaamua mwenyewe.

Kiwanda kilikuwa nyuma ya masoko ya nguo ya Liuhua. Bosi wake, mwanamama mfupi tuliyemwita laoban kama tulivyowaita mabosi wote, alimgusa simba kwa kalamu.

"Lion, meiyou?" akaniuliza, haamini kama kweli simtaki.

"Meiyou," nikamjibu. Hakuna.

Akacheka, akanieleza kwa mikono na Kiingereza cha sokoni kwamba wanyama hao mwaka jana tu wameteremshwa Hong Kong Waingereza walipoondoka, na mimi nawateremsha tena. Sikuweza kucheka naye. Nilikuwa naangalia pale kati palivyobaki patupu. Pale kati ndipo mji wa kanga, nao hauachwi hivyo, utadhani kitambaa hakijamalizwa. Nikapitia maua yale manne, nikachagua lililosimama vizuri na lenye rangi iliyonivutia. Nikamwambia laoban aukuze mbaruti, auweke katikati.

Siku ya kuchukua mzigo nilikunjua doti moja kwenye mkahawa wa barabara ya Huanshi, nimuoneshe mwanamke wa Dar niliyepanga naye chumba. Akaacha kutafuna.

"Dada, huu si mwiba?"

"Ni ua la Waskoti."

"Waskoti ndio wanaokuja harusini? Wewe mama wa bi harusi, umempelekea mkweo mwiba katikati ya kanga. Unamwambia nini?"

Nikaikunja doti ile upesi. Mimi niliyekulia Unguja, kwa wanawake wanaosemana kwa kanga bila kufungua mdomo, niliyeshuhudia majirani wawili wakinuniana miaka kwa sababu ya doti moja, ndiye niliyeuchagua mwiba ule na kuuchapisha mara mia nne. Hofu ya simba ilinipofua. Harusi ilikuwa imebaki siku tisa, hapakuwa na nafasi ya kuchapa upya. Nikamuona binti yangu akipokewa mlangoni kwa midomo iliyobetuliwa, na kila kosa lake ndani ya nyumba ile likirudishwa kwenye kanga za mama yake.

Saa kumi jioni, Unguja saa tano asubuhi, nikaingia kwenye kibanda cha simu. Nilimweleza yule mama yote, tangu simba hadi mwiba, bila kupumua. Laini ikakoroma.

"Wale wanyama wala sikuwa na habari nao," akasema. "Nilitaka maua. Ungeniuliza ningekwambia."

"Nisamehe, mkwe wangu."

"Huo mwiba mimi naujua kuwa ni ua. Wenzangu nitajua la kuwaambia, na wewe tutasemezana ukifika. Lakini hebu nambie jambo moja. Mwezi mzima unahangaika na kifuniko cha biskuti, na simu unayo, kwa kuniogopa mimi?"

"Ndiyo."

"Na mwanao? Naye anakuja kwangu akiniogopa hivi?"

Mwenye kibanda alikuwa akigonga saa yake ya mkononi. Nilitaka kusema hapana. Lakini kila wiki nilipompigia binti yangu kutoka Dengfeng nilimwambia apunguze kucheka, asiulize ulize mambo, amtazame kwanza yule mama usoni kabla ya kufungua mdomo.

"Ndiyo," nikasema. "Nimemfundisha mwenyewe."