Maji Niliyommwagia Mkubwa wa Bariyeri

Vidole vya muke wangu viliacha kugonga mwanzi. Njo vile nilijua ameniacha. Nilikuwa hatua chache kutoka kwake, ndani ya mtaro, nimeshika jembe la watu wa bariyeri, naye amelala juu ya tipoyi, ile machela yetu ya mianzi, manyunyu yakimwangukia. Toka asubuhi alikuwa anagonga taratibu mapigo ya wimbo wa kwaya yake. Nilichimba macho yangu yakiwa kwenye vidole hivyo. Halafu vikatulia.

Tulikuwa tumetoka kijijini kwetu Nyabiondo kabla ya jua, wanaume wanne, kumpeleka hospitali. Tumbo lilikuwa limemvimba siku tatu. Darajani tukakuta bariyeri, kizuizi cha watu wenye silaha, na ilikuwa siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya barabara. Aliyetusimamisha ni mkubwa wa bariyeri, yule mwenye koti la kijani, ambaye leo anauza mbao palepale na watu wanamwita Papa.

"Shefu, mama iko mugonjwa sana," nikamwambia.

"Naona. Yeye hatachimba. Ninyi mutachimba."

"Tumufikishe kwanza, tutarudia."

"Kila siku ya salongo Nyabiondo inapata mugonjwa," akasema, na wenzake wakacheka.

Yeye alikuwa na bunduki, sisi tulikuwa na mianzi. Tukachimba. Nilipokwenda kumnywesha maji, muke wangu akanishika shati.

"Usinililie kama mutu mwenye kupoteza," akasema. "Kwenye naenda napajua. Watoto watakuangalia wewe."

Mimi nilifika darasa la tatu tu. Mambo ya imani, yeye njo alinifundisha. Nikamwambia anyamaze, apumzike. Hayo ndiyo maneno ya mwisho nilimpa.

Kwetu, watu wakitoka kuzika wananawa kwenye nyumba ya msiba. Beseni linawekwa mlangoni na mwenye msiba anawamwagia maji. Ukinyimwa maji hayo, kila mtu anaelewa kwamba una neno na marehemu.

Yule wa koti la kijani alikuja kuzika. Akasimama kwenye mstari wa kunawa, wa mwisho kabisa. Watoto wangu watatu walikuwa kwenye mkeka, wananitazama. Niseme kweli: toka darajani nilikuwa naiogopa mikono yangu mwenyewe. Ndani kulikuwa na panga, na nilijua limelala wapi. Mikono ikachukua kopo. Ikammwagia maji. Udongo ukatoka kwenye vidole vyake, ukaanguka kwenye beseni sawa na wa wengine.

Dada ya muke wangu hakungoja aende mbali. "Shemeji, unanawisha fisi, na nyama ingali kwenye meno."

"Dada yako alisema watoto wataniangalia."

Halafu akaninyang'anya kopo, akaninawisha mimi.

Siku hiyo nilikula, maharagwe sahani nzima, baada ya siku mbili bila kumeza kitu. Kifua kilifunguka. Mpaka leo jioni nagonga meza kwa mapigo yale na watoto wanaimba, na ninapumzika. Nitamkuta, hilo sina wasiwasi nalo. Na nitamkuta na mikono isiyo na damu. Namshukuru Mungu kwa hilo kuliko kwa mvua na mavuno.

Lakini wewe, Papa wa mbao, unatembea ukisema, "Mwenye msiba mwenyewe alininawisha, ile mambo iliisha." Na watu wanaitikia, kwa sababu waliona kopo.

Haikuisha. Nilikumwagia maji ya udongo wa kaburi. Yale uliyoyafanya darajani sikukunawisha, wala si yangu kukunawisha. Sikuchukii tena, njo maana naweza kukuuliza bila kutetemeka. Ulisimama karibu na tipoyi toka asubuhi. Vidole vile uliviona. Kuja kanisani Jumapili, simama mbele ya watu wote, watoto wangu wakusikie, useme kwa nini hukutuacha tupite. Nitakuwa kwenye benchi ya mbele.