Neno Chini ya Bakuli

Ndani ya kila bakuli la Kurahashi, mpishi wa tambi za mchuzi, chini kabisa, limechorwa neno moja: asante. Hulisomi mpaka umalize mchuzi wote, na sisi wa mji wa Kitakata tulilisoma mchana baada ya mchana kwa miaka kumi na tisa. Kurahashi hakujali sifa za mdomo. Bakuli likirudi tupu, hiyo ndiyo sifa.

Baada ya homa iliyomlaza Kurahashi Februari, mabakuli yakaanza kurudi na mchuzi. Tambi zimeliwa, nyama ya nguruwe imeliwa, lakini asante imezama. Hata ile sauti ya kufyonza tambi, ambayo kwetu ni dalili ya utamu, ilipungua. Watu walikula kimya, kama wako matangani.

Mimi, Minobe, fundi viatu wa mlango wa pili, ndiye niliyeambiwa peke yangu.

"Ulimi umekufa," alisema Kurahashi akikata vitunguu, bila kuniangalia. "Pua nayo vilevile. Sosi inayoutia mchuzi chumvi na ladha naichanganya kwa kukumbuka tu. Mke wangu hajui. Wewe ndiye utakayenionjea. Ikiwa mbaya, sema nirekebishe."

Ilikuwa mbaya. Leo chumvi inakereketa koo, kesho maji matupu. Nami kila siku nikasema, "Tamu, Mkuu. Kama zamani." Funika kombe mwanaharamu apite. Nilimwonea huruma, na niseme kweli, nilijiona mwema. Naye kwa kuniamini hakurekebisha kitu.

Jumanne, Okido wa teksi akasukuma bakuli lake. "Mkuu, leo umechota bahari?"

Watu wakacheka. Kurahashi akanigeukia. "Minobe, eti?"

"Achana naye. Sigara zimemla ulimi huyo."

Kurahashi hakucheka. Hajui kazi nyingine yule, na nilimwona anavyohesabu kwa macho mabakuli yaliyobaki na mchuzi.

Alhamisi aliniletea bakuli mwenyewe, kwa mikono miwili, akasimama mbele yangu. Nilionja. Mafuta, harufu ya mifupa, basi. Nikajua mkono wake umepotea kabisa sasa. Nikafyonza tambi kwa kelele ili wote wasikie, nikanyanyua bakuli, nikanywa mpaka tone la mwisho, nikamwonyesha lile neno.

"Leo umejipita, Mkuu."

Akaweka kijiko cha sosi juu ya kaunta. Kilikuwa kikavu.

"Sosi sikutia," alisema. "Hata tone. Umekunywa maji ya mifupa."

"Mkuu, mimi nilitaka tu usi—"

"Najua ulichotaka." Hakupandisha sauti. Laiti angenitukana. "Nilikuwa nimebakiwa na ulimi mmoja, Minobe. Ulimi wako."

Akazima moto chini ya sufuria, akaenda mlangoni, akalitungua pazia la mlango, alama kwamba duka limefungwa. Saa sita na dakika ishirini mchana, watu sita wako kwenye foleni.

"Tambi zimeisha mapema hivi?" akauliza Okido.

Kurahashi akawainamia chini sana kuomba radhi, pazia likiwa mikononi, akakaa hivyo hivyo. Mimi sikuthubutu kusimama. Nilibaki kwenye kaunta na bakuli langu tupu, nimelisoma lile neno, na lilikuwa halinihusu.