Maneno Niliyomwambia Mama Mkwe

Nimehama sana. Buzwagi niliona mgodi ukijengwa, Kahama nikauza mitumba, kisha nikawa fundi wa karasha Nyarugusu, nikisaga mawe ya dhahabu ya watu wengine. Hadi leo nikisikia kuna machimbo mapya mahali, moyo hautulii. Lakini safari ninayoishukuru kuliko zote ni ile ya Kharumwa kwa wakwe, niliyokwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Mjini Geita, daktari wa kike aliyempima kwa picha alikaa na kipimo juu ya tumbo muda mrefu, foleni ikinung'unika mlangoni. Hakujali. Mwishowe akatuchorea kwenye karatasi: mshipa wa kupeleka damu kwenye mapafu ya mtoto umeziba. Tumboni hana shida, alisema, kuna njia ya pembeni inayomsaidia, ila hiyo hujifunga siku chache baada ya kuzaliwa.

"Azaliwe hospitali ya rufaa Mwanza, kwenye dawa ya kuiweka wazi. Si mahali pengine."

Mahali pengine palishapangwa. Kwao, mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi mzaa mama. Mke wangu alipopiga simu, mama yake alimjibu, "Huyo mwanamume wako wa kuhamahama asikufanye na wewe mtu wa njiani. Mimi nimezaa tisa hapa hapa."

Nikapanda pikipiki. Mimi na mama mkwe hatukuwahi kuongea. Kwa heshima yetu Wasukuma, yeye akija huku mimi napita kule, na ujumbe wote hupitia kwa baba mkwe. Siku hiyo baba mkwe alikuwa mnadani na ng'ombe. Nikasimama nyuma ya ukuta wa jiko, nikimsikia mama akipepeta mpunga.

"Mayu, shikamoo."

Ungo ukanyamaza. "Marahaba. Baba yako hayupo."

"Nimekuja kwako, mama."

Nikaueleza ukuta habari za tumbo la binti yake, mambo ambayo mkwe hayatamki. Nilipomaliza, nilisikia akiweka ungo chini.

"Wameona ni wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

"Hajazaliwa, ameshapangiwa safari. Kweli ni wako." Kisha akauliza, "Nani atakaa naye huko Mwanza?"

"Mimi."

"Wewe wodi ya wazazi utafanya nini? Nakwenda mimi."

Mtoto alizaliwa akilia vizuri, ana rangi nzuri. Mama mkwe akamtuma muuguzi aniulize mbona mtoto ni mzima. Dripu ya ile dawa ilikuwa imeshawekwa. Kesho yake ilichomoka, na midomo ya mtoto ikageuka buluu. Wauguzi wakairudisha haraka, na rangi ikarudi.

Jioni mama mkwe alitoka mpaka kwenye benchi nilipokaa, akaniambia mwenyewe, bila mtu wa kati.

"Hakulia, baba. Alitulia tu. Nyumbani ningesema amelala. Ningemfunika vizuri, nikaendelea na kazi."

Baadaye mtoto alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam. Mwaka huu ameanza chekechea. Akikimbia huchoka kabla ya wenzake, hukaa chini kidogo, kisha huinuka mwenyewe akawafuata.