Nusu ya Vidonge vya Wifi

Mimi nauza mchele sokoni Korogwe, nilikuwa nauza kabla ya kuugua na leo nauza tena, kwa hiyo msinionee huruma. Lakini daktari aliponiambia uvimbe wa titi langu ni saratani, na kwamba huenda nikawekewa dripu ya dawa kali za saratani, niliogopa hasa. Nilishaona jirani yangu pale Kwamndolwa alivyotapika kwa dripu hiyo.

Wifi yangu, mke wa kaka, aliposikia akaja mbio kutoka Kwedizinga. Naye alipata saratani ya titi, akapasuliwa, sasa anameza kidonge kila siku na jembe anashika kama kawaida. Akafungua pindo la kanga, akanimiminia vidonge mkononi.

"Nimekugawia nusu, wifi. Dripu ya nini?"

Kwetu ukikataa cha wifi umetangaza ugomvi. Na kusema kweli, nilivitaka. Si titi ni titi tu? Nikaviweka kabatini, nikasema nisubiri majibu ya kipimo kwanza, kwa heshima ya daktari.

Majibu yalipotoka, nikamtajia daktari vidonge vya wifi, naye akanieleza taratibu. Kile kinyama walichonikata kwenye uvimbe ili wakipime walikipaka dawa za rangi, na kila dawa inatafuta kitu chake. Cha wifi lazima kilishika rangi za homoni, ndiyo maana akapewa vidonge: saratani yake inalishwa na homoni za kike, kidonge kinaifungia chakula. Changu kilipakwa zilezile mbili za homoni, hakikushika. Wakajaribu dawa ya tatu, inayotafuta kitu kingine, wapi!

"Mama, vile vidonge kwako ni peremende," akasema. "Dawa yako ni dripu, na tusichelewe."

Nikaenda Kwedizinga na vidonge vyangu mkobani. Njiani ndipo akili ikanijia. Nilipofika, hata karibu sikungoja.

"Wifi, kama nusu ninayo mimi, wewe unameza nini?"

Akainamisha kichwa. "Leo nameza, kesho naacha. Ili vitutoshe sote."

Haki ya Mungu, nusura nimzabe kibao. "Una wazimu wewe! Unataka kaka yangu atuzike wawili?" Nikachota maji, nikamsimamia mpaka akameza cha siku ile.

Akafuta mdomo. "Sasa mimi nitakusaidia na nini, wifi?"

"Tufuatane kwenye dripu," nikamwambia. "Peke yangu naogopa."