Chuma Chini ya Kitanda

Kwanza niseme: mashine haina kosa. Ofisini tunaiita fimbo, kwa sababu ndivyo ilivyo, fimbo ndefu ya manjano yenye spika ndogo kwenye mpini. Ukiipitisha karibu na chuma kilichozikwa inanung'unika, na ukifika juu yake kabisa inapiga kelele mpaka meno yanakuuma. Dhahabu haiisikii, kwa hiyo wanaoniomba niwatafutie hereni zao nawaambia waende zao. Mimi natafuta vyuma vya mipaka. Miaka kumi na tisa nazunguka viwanja vya watu, mkanda na saa nimevua, nikimwambia huyu ukuta wako umeingia kwa mwenzako, na yule, toa choo chako hapo. Wameniita Mama Fimbo. Wamenitukana pia, tena matusi ya nguoni. Lakini sikuwahi kumpunja mtu hata unyayo mmoja.

Basi, miaka miwili iliyopita nilirudi na fimbo nyumbani kujaribu betri mpya. Niliiwasha chumbani kwetu, ikanung'unika. Nikasogea kitandani, ikapiga kelele. Kitanda chetu ni cha mbao tupu, hakina hata msumari. Nikaizima haraka, nikakaa chini. Chumba kile mume wangu alikiongeza mwenyewe, yeye fundi mwashi, na zege la sakafu nilimchanganyia mimi kwa koleo. Kumbe chuma cha mpaka alikiona, akakimwagia zege, chumba kikaingia kwa jirani, hakuniambia. Na wakati huo nagundua, alikuwa ameshaanguka kutoka jukwaani, mgongo umevunjika, amelala juu ya chuma hicho hicho. Mtu wa hivyo utamuuliza nini? Nilisema funika kombe mwanaharamu apite. Nikafunika.

Jirani yetu upande huo ni Nesi, mama mstaafu. Tangu mume wangu aanguke, Nesi anakuja asubuhi na jioni tusaidiane kumgeuza asipate vidonda. Hajakosa hata siku moja. Sasa binti yake alikuwa anarudi na watoto wawili, Nesi akataka kuwajengea chumba upande wetu, akaomba ofisi imtafutie mpaka. Nilimwambia bosi atume mwingine, mimi jirani yake. Bosi akacheka.

"Amekutaka wewe. Anasema kama si wewe, afadhali asipimiwe."

Lo! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilianzia mbali makusudi, uani kwake, kwenye kamba za nguo. Fimbo kimya. Lakini uani kuna mwisho, nikafika ukutani kwangu, na ikaanza kunung'unika. Nesi ana masikio yule mama!

"Jirani, si inalia? Hebu ingia nayo ndani."

Ndani, mume wangu alikuwa chali, macho kwenye fimbo. Nesi akasimama mlangoni. Nikapita kabatini, nikapita dirishani, pakabaki mahali pamoja tu. Nikaishusha ukingoni mwa kitanda, ikapiga kelele. Nikafungua mdomo. Naapa nilitaka kusema. Mume wangu akanitangulia.

"Nondo hizo. Niliweka nondo sakafuni."

Nondo gani? Zege nilichanganya mimi, nondo hata moja sikuiona. Lakini nikisema hakuna, chumba kinavunjwa, na huyu asiyeweza hata kujigeuza nampeleka wapi? Nesi hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Ni nondo, Mama Fimbo?"

"Ni nondo," nikasema.

"Basi yameisha."

Hakuuliza mara ya pili, na heri angeuliza. Kwetu ofisini, chuma kisipopatikana na majirani wakikubaliana, ukuta uliopo ndio unakuwa mpaka. Akatia sahihi pale pale, karatasi kaiegemeza kwenye kabati letu. Kisha akakunja mikono ya gauni.

"Kwa kuwa tuko hapa, tumgeuze kabisa."

Tukamgeuza, yeye mabegani, mimi miguuni. Mume wangu akabaki ametazama ukuta, hakusema asante. Kila siku huwa anasema.

Nje, Nesi aling'oa vigingi vyake vya mbao mwenyewe, ambavyo alishavipiga kukisia chumba, akavirudisha nyuma hatua mbili.

"Kitanda cha pili hakitaingia," akasema. "Si kitu, watoto watalala mzungu wa nne. Njoo unishikie kamba, mwenzangu."

Nikashika ncha ya kamba, mgongo kwenye ukuta wangu. Fimbo ilikuwa begani na sikuwa nimeizima. Ikaanza tena kunung'unika. Nesi, ameinama kule mwisho, akacheka.

"Zinyamazishe hizo nondo zako, bwana! Haya, kaza kamba."

Nikaikaza.