Sahihi Yangu na Dungu la Shangazi

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na kampuni zilipoanza kuja Rufiji na ramani zao, nilikuwa mwanasheria wa mojawapo. Ilitaka bonde la karibu na Mohoro, ilime mpunga kwa trekta. Mpimaji aliripoti kwamba eneo halina watu. Nikaona mihuri imekamilika, nikatia sahihi kuithibitisha ripoti hiyo.

Nikikumbuka, najikasirikia hadi leo. Mpimaji alikwenda mwezi wa tisa, watu wamekwishavuna na kurudi kwenye nyumba zao za kando ya barabara. Alikuta madungu matupu, vile vibanda vya miguu mirefu tunavyohamia msimu wa mpunga. Yeye mgeni, asingejua. Lakini mimi nililelewa juu ya dungu!

Mwezi wa tano uliofuata shangazi, aliyenilea, alinitumia salamu: mpunga umetoa masuke, ndege hawamwachi apumue. Nikaitazama tena ramani. Ile kona ya mto ilikuwa yetu. Nikamsihi meneja wa kampuni asisaini mkataba kabla hajafika huko pamoja nami.

Alikuwa mtu mwema, ila wa haraka. Alipanda ngazi ya dungu viatu mkononi. Shangazi akamkabidhi kamba ya makopo ya kufukuzia ndege.

"Karibu, baba. Hapa hatukai bure. Vuta, wanakula hao!"

Akavuta. Bonde zima likaitikia, makopo na vigelegele kutoka kila dungu. Meneja alitazama huku na huku, kisha akaniuliza polepole, "Kwenye karatasi yako, hawa wako wapi?"

"Karatasi gani?" shangazi akadakia.

Nikamweleza yote. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

"Nawe ulipoandika hapana watu, mwanangu, mimi nilikuwa wapi?"

Nililia mbele ya bosi wangu. Shangazi akanipa kamba. "Haya, vuta wewe. Mwenzio kachoka."

Niliifuta sahihi ile kwa barua, na kampuni ikaliacha bonde. Kisha nikaandika kanuni, meneja akaipitisha: ardhi isiitwe tupu mpaka mwanasheria mwenyewe aende msimu wa kufukuza ndege. Siku hizi maofisini wanaiita sera ya haki za binadamu.

Nilimpelekea shangazi nakala, nikamsomea.

"Mimi niko wapi humo?"

"Kanuni haiandiki majina, shangazi."

"Basi mtanisahau tena. Lete kalamu."

Hakujua kuandika. Pembeni mwa karatasi alichora dungu, na juu yake mtu.