Kati ya Adhana Mbili

Jina langu maana yake ni ugomvi. Sitalitaja, lakini kwetu Arua na Koboko, miji ya mpakani na Zaire, halimshangazi mtu, maana mtoto hupewa jina la yale yaliyokuwa yakitokea nyumbani alipozaliwa. Siku nilipozaliwa mimi, baba na shangazi walikuwa hawasemezani kwa sababu ya mbuzi, basi mzigo nikabebeshwa mimi. Darasani tulikuwa na kina Ugomvi kadhaa, kina Njaa, kina Msiba, na msichana mmoja mpole sana ambaye jina lake lilimaanisha Wamenichoka. Mgeni angedhani sisi sote ni ukoo mmoja. Kumbe ni matatizo ya nyumba tu, hufanana.

Naanza na majina kwa sababu ndiyo yaliyotaka kumpotezea mama mmoja mtoto wake mara ya pili.

Miaka ya tisini, Zaire ilipokuwa bado inaitwa Zaire, nilifanya kazi Arua katika ofisi ndogo ya kutafuta watu waliopotezana. Vita vya 1979 viliwafukuza watu wetu kwenda Kongo na Sudani, nami nikiwemo, nimeshika nguo ya mama. Kila mtu alivuka mto na yeyote aliyekuwa karibu naye. Watoto walivuka na mama za wengine. Miaka mingi baadaye, wakati wengi wetu tumesharudi na kulima tena, bado kulikuwa na watu wanaoulizia.

Tulikuwa watatu. Chumba cha kwanza alikaa mama wa redio, Mkongo aliyekuwa zamani akiuza vitenge mpakani. Alivaa hedifoni, akasikiliza habari kutoka ng'ambo na kuziandika moja kwa moja kwenye kompyuta. Karatasi tuliziacha tangu mchwa walipokula kabati zima. Chumba cha pili alikaa karani, Mwislamu wa Koboko, mtoto wa mwanajeshi, mcheshi asiyejua kunyamaza. Chumba cha tatu nilikaa mimi na seva, yaani ile kompyuta kubwa iliyotunza majina yote, na kelele za jenereta dirishani.

Nilipelekwa Kampala kujifunza kuitunza. Mengi niliyofundishwa huko nimeyasahau, lakini jambo moja lilinikosesha usingizi: kwamba unaweza kuzirudisha kumbukumbu zikawa kama zilivyokuwa saa fulani, saa yoyote unayotaka. Unafanya hivi. Kila Jumapili unanakili kila kitu kwenye tepu. Kuanzia hapo mashine inaandika, kwa mpangilio, kila jambo linalotendwa ndani yake. Maandishi hayo huitwa logi, nami niliiwekea amri iyatunze kwenye diski nyingine, mbali na majina yenyewe. Kukiharibika kitu, unarudisha nakala ya Jumapili, kisha unaiambia mashine irudie yote yaliyofuata na isimame saa utakayoitaja wewe. Ni kama kumpa mtu picha ya ua wenu, halafu umsimulie nani aliingia na nani alitoka, mpaka umwambie basi.

Nilijaribu kwenye kompyuta mbovu. Niliandika neno mbuzi, nikalifuta, nikarudi nyuma, mbuzi akatokea. Nilifurahi mno, nikawaita wenzangu waje kuona.

“Dada nafufua mbuzi,” karani akasema, kwa Kiswahili cha mpakani ambacho ‘nafufua’ ni mimi, wewe na yeye. “Maji ikimwagika haizoleki, dada.”

“Inategemea umeyamwaga saa ngapi,” nikamjibu.

Kisha wakubwa wa mji mkuu wakatuletea agizo: kumbukumbu zimekuwa nzito, futeni majina yanayojirudia, mbaki na moja moja. Amri yenyewe walikuwa wameiandika tayari kwenye disketi. Huko waliko, bila shaka, watu wawili wenye jina moja ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili. Karani akaitekeleza Jumatano adhuhuri, bila kuniuliza, na mchana ule hakuna aliyeona tofauti.

Alhamisi ilikuwa siku ya soko, na mama mmoja wa kijiji cha Lobule akaja. Alikuja kila soko, juu ya lori la muhogo. Binti yake alimpotea wakati wa kuvuka mto, mtoto wa kushikwa mkono, aliyepewa jina lenye maana ya msiba kwa kuwa alizaliwa watu wakiwa matangani.

“Mutoto yangu, leo iko habari?” akamuuliza karani.

Karani akaandika jina. Akaliandika tena. “Mama, hii jina sasa iko mutu moja tu. Muzee moja ya kule Logiri.”

“Moja?” Mama akacheka. “Kwa ukoo yangu peke yake iko mingi.”

Kicheko kile kilimtoa mama wa redio chumbani mwake. “Lakini jana mimi naandika huyo jina,” akasema. “Mwanamuke, iko ng'ambo. Natafuta mama yake. Mama alikuwa nakaanga muhogo karibu na kambi ya Koboko.”

Mama wa Lobule akakaa chini, sakafuni. “Huyo mama iko mimi,” akasema. “Iko wapi mutoto?”

Jana yake mama wa redio alikuwa amepokea habari za watu wengi na vijiji vingi. Mahali aliandika, kukumbuka hakumbuki. Na kuuliza tena hakukuwezekana: vita vya Kongo vilikuwa vinasogea, na tangu Jumatano jioni redio ya ng'ambo ilikuwa kimya. Alipo binti palikuwa katika ile logi tu, na logi haisomeki kwa macho; ni mashine peke yake iwezayo kuirudia. Tena watu wa ng'ambo walikuwa wakihama. Tukichelewa, hata mahali penyewe pasingetufaa.

Nikawaambia wote waondoe mikono kwenye kibodi. Dizeli iliyobaki ilitosha jaribio moja, nayo mjini ilikuwa haipatikani tena. Nikisimamisha mashine mapema mno, habari ya binti itakuwa haijaandikwa. Nikichelewa, ile amri ya kufuta itarudiwa pamoja na mengine.

“Ulibonyeza saa ngapi?” nikamuuliza karani.

“Saa ya adhana. Mwadhini naanza, mimi nabonyeza, halafu naenda kusali. Mashine nafanya kazi, mimi iko kwa sala.”

“Hapana,” mama wa redio akasema. “Mwadhini naanza, mimi iko bado naandika hiyo habari. Nilimaliza yeye iko bado naita. Huyu naongopa.”

Wakaanza kubishana, na mimi mwenye jina langu sikuwaamua, maana jambo lilikuwa limeanza kunipendeza. Wote wawili walikuwa na uhakika, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuongopa.

“Wewe unasali msikiti gani?” nikamuuliza karani.

“Ule wa upande ya kambi ya askari, hapa Arua.”

Mama wa redio, dirisha lake linatazama sokoni. Na Arua nzima inajua kuwa mwadhini wa sokoni ana haraka. Huwa amemaliza na kushuka kabla mwenzake wa kambini hajakohoa. Kumbe kila mmoja alimsikia mwadhini wake, na saa niliyoitaka ilikuwa hapo, katikati ya adhana mbili.

Lakini saa ya seva haikuwahi kupatana na saa ya mtu. Kwa hiyo adhuhuri ile nilikaa mbele ya kioo cha kompyuta, nikangoja. Wa sokoni alipomaliza, nikaisoma saa ya mashine. Wa kambini alipoanza, nikaisoma tena. Katikati yake ndipo nilipoamua mashine isimame, kwa tarehe ya jana. Kisha nikaprinti yote yaliyoandikwa baada ya hapo, kwa kuwa yangepotea, nikaweka tepu ya Jumapili na kuianzisha.

Mama wa Lobule aliletewa kiti karibu nami. Akauliza mashine inafanya nini, nikamweleza. Nikamuuliza na mimi, swali ambalo mtu mwenye adabu asingeuliza: kama yangekuwa maisha, angeyarudisha mpaka saa ngapi? Nilidhani najua jibu. Nilitaka tu kulisikia.

Akafikiri kwanza. “Ile yote iko baada ya hiyo saa, napotea?”

“Inapotea, mama.”

“Baada ya muto mimi nazaa watoto wengine, huko Kongo.” Akatikisa kichwa. “Basi acha. Mimi nataka kujua huyu iko wapi tu.”

Nikaona haya, nikageukia kioo.

Jua lilikuwa limeanza kulala mashine iliposimama. Mama wa redio akaandika jina, na wakatokea wote, kina Msiba, ukurasa baada ya ukurasa. Wa mwisho alikuwa yule wa jana. Akamsomea mama pole pole: anaishi nyuma ya soko la Ariwara, ng'ambo ya mpaka, kwa mwanamke muuza chumvi. Anamtafuta mama yake, mkaanga muhogo. Ana mtoto mmoja wa kike.

“Jina ya mutoto?” mama akauliza.

Mama wa redio akalisoma vibaya, kwa sababu si lugha yake. Sisi tuliobaki tulilielewa. Maana yake ni Wako Wapi.

“Tuko hapa,” mama akakijibu kioo. Kisha akasimama, akakaza leso yake kiunoni, akamuuliza karani lori la Ariwara linaondokea upande gani.